Siasa ndani ya romani za avantire: nitaonyesha namna gani kama iko kweli?

Swali: "Prof, niko finaliste hapa Bukavu, memwari yangu ni juu ya siasa yenye kufichama ndani ya romani za zamani za avantire. Direktere anasema minalazimisha, ati Robinson na Nemo ni bitabu bya batoto. Nitaonyesha namna gani kama ile mawazo iko ndani, haiko miye minayiingiza?"

Jibu: Dada, usianze na filozofia. Anza na kazi na feza: nani anatumika, nani anakamata faida, ni kitu gani kinasukuma hadithi. Kisha tosha kile kitu, hadithi ikianguka basi haiko weye uliyiingiza.

Kamata Robinson Crusoe ya Daniel Defoe, 1719. Batu mingi banakumbuka kisiwa tu, lakini alifika pale namna gani? Alikuwa na shamba Brazil, benzake benye mashamba bakamutuma Guinée kwa kificho akabaletee batumwa, njo ile safari meli ilivunjika. Tosha biashara ya batumwa, kisiwa nayo hakuna. Na mbele ya pale alishauzisha Xury, kijana mwenye alikimbia naye utumwa kule Salé (Maroc), kwa feza 60, na kisha kule shambani Brazil anaanza kumutamani wakati kazi inamushinda nguvu. Pale hakuna hata kitu cha kufichama, ni siye tunapita mbio.

Sasa ongeza John Locke, mwanafilozofia Mwingereza, 1689: udongo ni ya mwenye kuutumikisha. Robinson analima, anajenga lupango, halafu anasema inchi yote ni mali yake, na siku anabakia na Vendredi (mutumishi wake mwenye alimuokoa), baba ya Vendredi na Muhispania moja, anajiona mufalme mwenye raia batatu na anaacha kila mutu na dini yake, mupagani, muprotestanti, mukatolika. Minapenda sana ile fasi, ni serikali nzima kwa paragrafu moja! Kuhusu "kitabu ya batoto", umujibu direktere na heshima kama Rousseau, mwanafilozofia, ndani ya kitabu yake Émile juu ya malezi ya mutoto, 1762, aliipatia mutoto kuwa kitabu ya kwanza, na ilikuwa juu ya filozofia yake kabisa.

Kwa Nemo, kapiteni wa sumarini mu Vingt mille lieues sous les mers, ushahidi mwingine iko inje ya kitabu. Jules Verne alitaka akuwe Mupolonia mwenye Barusi baliua familia yake, lakini editeri Hetzel akakatala juu ya soko ya Urusi, iko ndani ya barua zabo. Njo maana Nemo wa 1870 hana inchi, lakini mu chumba chake kuko picha ya Kosciuszko, mupigania uhuru wa Polonia, na John Brown, Mwamerika mwenye alipigana na utumwa, na dhahabu yake inaenda kwa batu ya Krete benye balikuwa banapigana na Baturuki. Mu L'Île mystérieuse, 1874–75, anakuwa prince wa India mwenye alipigana na Bangereza mu 1857. Editeri alifunga mulango, siasa ikapita dirishani.

Ila soma pia Cinq semaines en ballon, 1863, Verne yule yule: bazungu banatoka Zanzibar na ballon, bakifika Kazeh (leo Tabora) batu banabaita batoto ya mwezi, na Mwafrika anachorwa sawa vile mutu asiye na akili. Ile minakulazimisha uiweke mu sura moja na Nemo na uieleze weye mwenyewe, mbele jiri haiyakuuliza.