Ukipiga Picha za Vibao Ujerumani, Rudi Nyuma Kidogo

Ujerumani karibu kila kitu kina kibao: geti, pipa la taka, bustani, hata mti. Kwa apendaye kupiga picha hii ni neema, na simu ya kawaida inatosha. Nimekuwa nikivikusanya vibao hivi tangu nihamie huku, na kwa anayetaka kuanza nina neno moja kubwa: usikipige kibao peke yake. Kikijaa fremu nzima unabaki na maandishi tu. Rudi nyuma, uonyeshe kwa nini kimewekwa pale.

Chukua mfano wa maduka ya mikate na mabucha. Mlangoni utakuta mchoro wa mbwa na maneno "Wir müssen draußen bleiben", yaani "Sisi hatuna budi kubaki nje". Wanaosema ni mbwa wenyewe! Kibao hicho kimeenea nchi nzima, kwa hiyo ukikipiga hivyo hivyo hujapata kipya. Subiri mwenye mbwa afike, amfunge nje, aingie kununua mkate. Mbwa ataketi chini ya tangazo lake, macho hayabanduki mlangoni. Hiyo ndiyo picha, hata kama umeisubiri kwenye baridi kali. Na penye geti lenye maneno "Hier wache ich" ("Hapa nalinda mimi") na sura ya mbwa mkubwa wa kutisha, sikiliza kwanza kinachobweka ndani. Pengine ni kijibwa cha kubebwa mkononi. Ngoja kichungulie.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kibao cha kwenye makontena ya chupa tupu. Mara nyingi kinaagiza chupa zitupwe siku za kazi tu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku. Mgeni hucheka. Lakini Jumapili huku ni siku ya utulivu kisheria, na mlio wa chupa ikivunjika ndani ya chuma unasikika hadi ghorofa ya nne. Pita hapo Jumapili jioni: mara nyingine utakuta chupa zimepangwa chini kwa adabu, zikingoja Jumatatu. Ukiziweka pamoja na kibao katika picha moja, hata asiyejua Kijerumani ataelewa.

Majira ya machipuko toka nje ya mji. Kuna vibao vya kuwaonya madereva kwamba vyura wanavuka barabara kwenda kuzaliana kwenye madimbwi, na jioni watu wa kujitolea huwavusha kwa ndoo. Omba ruhusa, uwapige picha na ndoo zao.

Kuhusu ufundi sina mengi. Zima flashi, kwa sababu vibao vya barabarani vimetengenezwa virudishe mwanga, na maandishi yatapotea katika weupe. Siku ya mawingu ni bora kuliko jua kali.

Sheria nayo ijue. Kifungu cha 59 cha sheria ya hakimiliki kinaruhusu kupiga picha za kazi zilizowekwa kwa kudumu kwenye njia na viwanja vya umma, mradi umesimama pale anaposimama mpita njia yeyote. Usipande ngazi, usirushe droni. Mtu akionekana waziwazi, muulize kabla ya kuichapisha; sheria ya mwaka 1907 inamlinda. Mimi huficha pia namba za magari na majina ya wapangaji yaliyoandikwa kando ya kengele za milango.

Tena usitafute vya kuchekesha tu. Msemaji wa Kiswahili akifika Berlin, aende Wedding, kwenye mtaa uitwao Afrikanisches Viertel ("Mtaa wa Kiafrika"). Atakuta Sansibarstraße na Tangastraße (Barabara ya Zanzibar na ya Tanga), majina yanayokumbusha ukoloni. Kulikuwa pia na Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters, yule aliyeitafutia Ujerumani koloni katika nchi yetu kwa mikataba ya ulaghai na kumwaga damu. Agosti 2024 jina hilo liliondolewa, na kipande kimoja cha barabara sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Huko Neukölln, sehemu nyingine ya Berlin, Wissmannstraße, iliyobeba jina la Hermann von Wissmann, gavana wa koloni hilo, imekuwa Lucy-Lameck-Straße tangu 2021, kwa heshima ya mwanasiasa wetu wa Moshi. Berlin ikibadilisha jina la barabara, kibao cha zamani huachwa kwa muda kando ya kipya, kikiwa kimekatwa kwa mstari mwekundu. Ukisikia barabara inabadilishwa jina, nenda mapema, maana picha ya vibao viwili pamoja hutaipata tena. Andika tarehe na barabara papo hapo kwenye simu.

Kwenda Maji-Maji-Allee panda treni ya chini ya ardhi ya U6, ushuke kituo cha Rehberge. Nenda asubuhi, watu wakielekea kazini, uwapige picha wakipita chini ya jina hilo.