Swali la lugha: "huathiri protini" imekaa sawa?

Msomaji mmoja anaandaa makala ya afya, katuma sentensi yake: "Viambata vya mimea huathiri utendaji wa protini kupitia njia za mawasiliano ya seli." Anasema mhariri kaikata "huathiri" bila kumwambia sababu, anauliza kosa liko wapi.

Ndugu yangu, kisarufi haina shida. Ila hilo "athiri" siku hizi tunalibebesha kila kitu, na kwa watu wengi limeegemea upande wa madhara, waathirika wa mafuriko, pombe imemuathiri ini, kwa hiyo mtu akisoma kahawa "inaathiri" protini anaelewa kuna kitu kimeharibika. Sema kilichofanyika hasa.

Chukua hiyo kahawa. Ukikaa macho mchana kutwa adenosini, kemikali ya mwili wenyewe, inazidi kujikusanya kwenye ubongo, inanata kwenye protini zilizo juu ya seli za neva zinazoitwa vipokezi, kipokezi nacho kinapeleka ishara ndani ya seli kwamba punguza kasi, ndo unaanza kupiga miayo. Sasa kafeini, kiambata cha kahawa, imefanana umbo na adenosini, basi inawahi kiti cha mwenzake na inakaa tu, ishara haitoi. Kitenzi chake ni "inaziba" au "inazuia". Ukiandika "inachochea kipokezi" umegeuza maana kabisa, japo mnywaji mwenyewe kachangamka.

Pilipili ni kinyume chake. Kapsaisini, kile kiambata chake kinachowasha, inafungua protini iitwayo TRPV1 kwenye neva za maumivu, kalsiamu na sodiamu zinaingia, neva inapeleka habari ubongoni kwamba hapa kuna moto, na ni protini hiyohiyo inayofunguka kwa joto la kuanzia kama nyuzi 43 za Selsiasi, kwa hiyo anayesema pilipili "inaunguza" hajakosea hata kidogo. Mwanasayansi David Julius na wenzake waliitambua protini hiyo mwaka 1997, akaja kupata Nobel 2021. Hapo andika "inafungua", au "inaamsha".

Kinachonisumbua zaidi ni hiyo "hu-". Inamwambia msomaji jambo liko hivyo siku zote. Kwa kafeini na kapsaisini sawa, ushahidi upo wa kutosha, lakini kurkumini ya kwenye manjano imeonekana kutuliza NF-kB, protini inayowasha jeni za uvimbe (ule wa mwili kujihami, si wa saratani), kwenye seli zilizowekwa maabara, wakati ukiila kwenye chakula utumbo unafyonza kidogo sana. Hapo andika "inaweza kupunguza" au "huenda inapunguza", na useme wazi kuwa ni seli za maabara, maana kuna mgonjwa atasoma "manjano huzuia uvimbe" aache dawa alizopewa hospitali, na hilo ni jambo zito.

Halafu "protini" iache kwenye ngeli ya i-/zi-, protini hii, protini hizi. "Maprotini" hapana.