Wadogo zangu wa maduka ya skii, mkague theluji kabla ya kumpima mteja

Kaskazi ikishaanza kuvuma hapa Tanga, simu yangu haitulii. Ni nyinyi wadogo zangu wa msimu, mko Austria kwenye maduka ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, mnanitumia picha ya rafu nzima na swali: "Kaka, hii na hii tofauti yake nini? Mteja anasubiri." Mteja ameshafika kaunta ndiyo unauliza! Haya tuliyazungumza barazani Ngamiani kabla hamjapanda ndege. Nayaandika sasa, asiwepo wa kusema hakuambiwa.

1. Acheni kusoma stika, shikeni skii yenyewe. Chukua jozi, igusanishe tumbo kwa tumbo, itazame kwa ubavu. Zikigusana karibu na ncha na karibu na mkia, katikati pakabaki uwazi, hiyo ni kemba, skii ya jadi. Zikigusana katikati, kisha zikaanza kuachana mapema kabla hujafika nchani, hiyo ni roka. Nyingi za siku hizi zimechanganya: roka mbele, kemba chini ya kiatu, na pengine roka kidogo nyuma.

2. Kemba ikikanyagwa hulala, makali yakashika kwa karibu urefu wote. Kwenye pista, yaani njia ya skii iliyoshindiliwa, ni raha tupu. Kwenye theluji ya unga iliyofika magoti hakuna kigumu cha kushika, ncha inazama, na mtu analazimika kuegemea nyuma ili aitoe. Roka ncha yake imeshanyanyuka, inapanda juu ya theluji kama omo ya mashua inavyopanda wimbi, na mtu anasimama katikati ya skii zake, anageuka bila kupigana nazo. Mcheza skii Shane McConkey alifunga baindingi, kile kifungio kinachoshika kiatu kwenye skii na kukiachia mtu akianguka, kwenye skii za majini akashuka nazo kwenye milima ya Alaska, na mwaka 2002 kampuni ya Volant ikatoa Spatula yake, iliyopinda kinyume cha kemba na iliyo pana kiunoni, yaani katikati, kuliko nchani. Roka mnazozipanga rafuni leo zinadaiwa na hiyo.

3. Hili ndilo linaloniuma. Kijana wetu mmoja wa Mabawa, mchapakazi, mwenye adabu, alifungua duka asubuhi theluji imeanguka usiku kucha. Akaingia baba mmoja mrefu, mzito, anajiamini. Kijana akampima urefu, akamuuliza uzito na umri, akatazama soli ya kiatu, akaweka namba ya baindingi sawasawa. Kila kitu kwa utaratibu. Kisha akampa skii ya kemba ya kiuno cha milimita 70, inayomfika kidevuni. Hakumuuliza anakwenda wapi.

Yule baba akatoka nje ya pista. Kona za mwanzo tu ncha zikazama, akaketi nyuma, mapaja yakaanza kuwaka moto. Alipochoka akaanguka, na skii moja ikachomoka ikapotelea chini ya theluji. Wakatafuta hadi mchana, yeye na mwenzake, wakichimba pale alipoishia na kuteremka zaidi, kumbe skii imebaki juu, karibu na pale ilipochomokea. Mkumbuke hilo: skii ikipotea kwenye unga, anza pale ulipoangukia upande kwenda juu, na uchome fimbo kwa kukatisha mteremko, si kwa kuufuata. Jioni baba yule akarudi amelowa, miguu inatetemeka, akamfokea kijana mbele ya watu wote.

Kijana akanipigia sauti imekatika: "Kaka, baindingi niliilegeza?" Hapana mdogo wangu, baindingi ilifanya kazi yake, ilimnusuru mguu. Kilichokosewa ni umbo. Siku ile alihitaji roka mbele, kiuno cha milimita 100 na zaidi, urefu wa kumpita kichwa. Nilimwambia hivyo, na msimu huu nimewaona wengine watatu mkirudia lile lile, tena rafu ya roka iko mgongoni kwenu!

4. Urefu. Roka, ukiilaza sakafuni, sehemu inayogusa ni fupi kuliko skii yenyewe, kwa hiyo iongezeni sentimita kadhaa. Msiogope.

5. Msiende upande wa pili mkamtwisha kila mtu roka pana kwa sababu kaka kasema. Anayejifunza, asubuhi ya barafu, kwenye pista, mpeni kemba nyembamba. Roka pale ncha zinapigapiga, makali yanayoshika ni mafupi, na kuitoa upande mmoja kwenda mwingine ni kazi. Hata mpenda unga, mwambieni ukweli: ikifika saa sita theluji imeshavurugwa na wenzake, na mwisho wa siku atarudi kwa pista. Ndiyo maana mimi, mteja asipokuwa na uhakika, namchagulia mchanganyiko: roka mbele, kemba chini ya kiatu. Roka tupu naiweka kwa anayejua anachokifuata.

6. Zile kamba ndefu za rangi kali kwenye droo si mapambo. Moja hufungwa kwenye kila baindingi, iliyobaki huingizwa ndani ya suruali, na skii ikichomoka kamba hujinyoosha, ikaonyesha ilipo. Kila anayeondoka na skii za unga apewe jozi, na mumfunge nyinyi wenyewe mara ya kwanza, pale pale kaunta.