Kusi, Kaskazi na kibuyaga

Ndugu, umeuliza kama sisi wa Uganda tuna pepo zenye majina kama Kusi na Kaskazi za Mombasa. Zile ni pepo za msimu za Bahari ya Hindi: Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, Kusi hushika takriban Aprili hadi Septemba. Majahazi yalipanga safari kwa pepo hizo, na ndimo tulimopata maneno kaskazini na kusini.

Kwetu Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nnalubaale, upepo hugeuka kila siku, si kila msimu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, basi upepo hutoka ziwani kuja pwani. Usiku hugeuka, hewa hutoka nchi kavu pande zote, hukutana katikati ya ziwa, hupanda juu na kufanya mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi huwakuta wavuvi usiku au alfajiri, na wavuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwa, hufanya kazi usiku, kwa taa! Upepo huo mkali Waganda huuita kibuyaga. Ukisikia neno hilo mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, usisukume mtumbwi, hata kama anga ya juu yako ni safi.

Upepo wa kawaida kwa Kiganda ni empewo, neno hilohilo la baridi, na la mizimu pia. Linganisha na upepo na pepo katika Kiswahili. Mimi ufanano huo hunifurahisha sana.