Majibu kwa Wasomaji: Kutembea Quartieri Spagnoli, Napoli

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza na ninaishi Igogo. Mwezi wa tisa nitakwenda Napoli, Italia, kwa mafunzo ya wiki tatu, na chumba nilichopangiwa kiko katika mtaa unaoitwa Quartieri Spagnoli. Wenzangu wengine wananiambia kwamba huo ni mtaa wa vibaka na nisithubutu kutoka peke yangu. Wengine wanasema hakuna mtaa uliochangamka kama huo katika jiji zima. Nimwamini nani, na nianzie wapi? (Msomaji, Igogo)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa safari. Niliwahi kuishi katika mtaa huo kwa wiki sita, katika chumba cha ghorofa ya tatu, na barua yako imenirudisha huko kabisa. Wote waliokwambia wana sehemu ya ukweli, lakini ukiwasikiliza wa kwanza peke yao utamaliza wiki zako tatu ukiwa umejifungia ndani, na hilo litanisikitisha.

Mtaa huo umekaa kwenye mteremko wa kilima cha Vomero, upande wa magharibi wa barabara kubwa ya Via Toledo. Barabara hiyo imebeba jina la Pedro de Toledo, aliyetawala Napoli kuanzia mwaka 1532 hadi 1553 akiwa makamu wa mfalme wa Hispania. Ni katika zama zake nyumba zilipoanza kujengwa juu ya barabara hiyo ili askari wa Kihispania wapate malazi, ndiyo maana hadi leo mtaa unaitwa wa Wahispania. Askari walileta kamari na ukahaba, na sifa mbaya ikaanzia hapo. Baadaye magenge ya Camorra, mtandao wa wahalifu wa Napoli, yakaiongezea uzito. Walioupanga mtaa, hata hivyo, walitunyooshea vichochoro kama mistari ya daftari, vingine vikipanda na vingine vikivikata, na faida yake kwa mgeni ni kubwa: ukipotea, wewe teremka tu, nawe utatokea Via Toledo. Kwa mtu aliyezoea kupanda vijia vya Igogo katikati ya miamba, miguu yako haitashangaa.

Kitakachokushangaza ni jinsi watu wanavyoishi karibu na njia. Chini ya majumba yale ya ghorofa tano au sita kuna makazi ya chumba kimoja au viwili yanayoitwa bassi, ambayo mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye kichochoro. Mchana mlango huwa wazi, kwa hiyo unapopita unaona kitanda kilichotandikwa, televisheni, sufuria jikoni, na nje bibi ameketi kwenye kiti akimenya maharagwe mabichi. Kichochoro ndicho baraza lake. Siku yangu ya pili nilisimama mbele ya mlango wa namna hiyo nikiangalia picha ya mtakatifu iliyowekewa taa ndogo ukutani. Bibi mwenye nyumba alinitazama kimya, uso umekunjamana, na nilipokumbuka adabu na kusema "buongiorno", alisimama, akaingia ndani, akatoka na kiti cha pili. Unajua mwenyewe mzee wa Kisukuma anavyokuangalia ukimpita asubuhi bila "mwangaluka". Jifunze basi maneno mawili kabla ya kupanda ndege: "buongiorno" ya salamu na "permesso", ambayo ndiyo hodi yao, nayo husemwa mlangoni na pia unapotaka kupenya katikati ya watu. Kwa maneno hayo mawili nilifunguliwa milango mingi kuliko kwa ramani niliyokuwa nayo.

Jambo jingine ambalo ningependa ulione kwa macho yako ni panaro, yaani kikapu cha kamba. Mama wa ghorofa ya nne aliyekuwa jirani yangu hakuteremka ngazi kwa ajili ya mkate. Aliita jina la mwenye duka, akaachia kamba polepole huku ikisugua ukingo wa roshani, na kikapu kikatua juu ya kaunta kikiwa na sarafu ndani yake. Mwenye duka alihesabu sarafu, akaweka mkate na mayai manne yaliyofungwa kwenye gazeti, akaivuta kamba mara mbili kumjulisha kwamba mzigo uko tayari. Niliwakumbuka watoto wa Mabatini wanaotumwa dukani wakashuka mawe na kuyapanda tena, nikatamani mama zao wangeona.

Anzia soko la Pignasecca, upande wa kaskazini, na uende asubuhi. Ukiwa umelizoea Mwaloni pale Kirumba, kelele za wauza samaki hazitakutisha. Utakuta kome ndani ya beseni za maji, pweza, na samaki wadogo wa baharini wanaoitwa alici, ambao hukaangwa na kutiwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama ile ya karanga zetu. Wale kama unavyokula dagaa, wakiwa bado wa moto. Kuna pia meza za miguu ya nguruwe na mapua ya ndama, iliyochemshwa na kukatwa vipande, kisha ikakamuliwa limau na kunyunyiziwa chumvi kutoka kwenye pembe ya ng'ombe iliyotobolewa. Mpenzi wa supu ya makongoro hatahitaji kubembelezwa. Pizza ya kukaanga nayo ni chakula cha mtaa huo hasa: katika miaka ya dhiki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanawake waliikaanga mbele ya bassi zao na kuwapa wateja wale leo, walipe baada ya siku nane. Kumbuka tu kwamba mchana, baada ya saa nane, maduka mengi hufungwa na watu hupumzika; usijaribu kutalii saa hizo.

Kwa kuwa wewe ni muuguzi, pale pale Pignasecca utaiona hospitali ya Pellegrini, iliyotokana na chama cha kidini kilichohudumia mahujaji tangu karne ya 16. Tafuta vilevile kichochoro cha Vico Tre Re a Toledo, ilipo nyumba ya Mtakatifu Maria Francesca, mwanamke wa mtaa huo aliyefariki mwaka 1791 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1867. Ndani kuna kiti alichokuwa akikalia, na wanawake wanaotamani mtoto hufika kukikalia na kuombewa. Tarehe 6 ya kila mwezi foleni yao huteremka hadi kichochoroni. Wewe unayewahudumia akina mama utaielewa foleni ile bila mkalimani, nami nakuomba usiipige picha.

Kuhusu usalama, vaa mkoba kifuani, na simu usiitembeze mkononi, maana pikipiki ndogo hupita zikigusa ukuta na mporaji hahitaji zaidi ya sekunde moja. Pikipiki hizo zenyewe, hata za watu wema, ndizo zilizonitia hofu kuliko vibaka. Usiku pita penye taa na meza za watu. Mimi nilirudi saa nne usiku mara nyingi bila kuguswa na mtu.

SWALI: Naipenda sana timu ya Napoli. Ile picha ya Maradona iliyochorwa ukutani iko mtaa huo huo? Kuna kiingilio? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Ndugu yangu, iko huko huko, katika Via Emanuele de Deo, na hakuna kiingilio. Ilichorwa na Mario Filardi mwaka 1990, timu ilipotwaa ubingwa wa Italia kwa mara ya pili. Wa kwanza ulikuwa wa mwaka 1987. Rangi ilififia, dirisha likatobolewa pale penye uso, na picha ikafanyiwa ukarabati mwaka 2016. Maradona alipofariki tarehe 25 Novemba 2020, watu walileta mishumaa, jezi na barua, na uwanja ule mdogo, ambao zamani palikuwa mahali pa kuegesha magari, sasa unajaa wageni kutwa nzima. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi ukitaka kusimama kwa utulivu. Utaona pia bendera na picha za ubingwa wa mwaka 2023, ule ambao Victor Osimhen wa Nigeria aliibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 26, na wa mwaka 2025. Wauza jezi watakuita kutoka kila upande; nunua kwao, kwa sababu wengi ni wakazi wa vichochoro hivyo na utalii ndio unaowalisha, ingawa kodi za nyumba zimepanda kwa sababu ya utalii huo huo na baadhi ya majirani wa zamani wamelazimika kuhama. Hilo linaniuma, na ningependa kila mgeni alijue.

SWALI: Mwanangu anaishi Italia na amenialika. Nina miaka 71 na magoti yangu hayapandi tena vilima. Je, mtaa huo nitauona vipi? (Msomaji, Ukerewe)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mwambie kijana akupeleke kwa treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Toledo, kilichofunguliwa mwaka 2012 na ambacho kuta zake za vigae vya buluu ni pambo peke yake. Msitokee Via Toledo. Fuateni njia ya kutokea Montecalvario, ambako ngazi za umeme zitakupandisha hadi katikati ya mtaa wenyewe, kisha kila hatua itakuwa ya kuteremka. Mawe ya njia ni laini na huteleza mvua ikinyesha, kwa hiyo nenda na fimbo yako. Siku nyingine pandeni funicolare ya Montesanto, gari la kuvutwa kwa kamba ya chuma linalopanda kilima tangu mwaka 1891, na ambalo kituo chake cha chini kiko kando ya soko la Pignasecca. Shukeni kituo cha Morghen, mtembee dakika chache hadi mbele ya nyumba ya watawa ya San Martino. Hapo kuna ukuta mfupi wa kuegemea. Chini yako utayaona mapaa ya Quartieri Spagnoli yote kwa pamoja, nguo zikipepea kwenye kamba, na ng'ambo yake ghuba na mlima Vesuvio. Fika jioni, jua likiwa mgongoni mwako.