Ndiyo, chavua inavuka mpaka wa shamba

Wengi wanauliza kama mahindi ya GMO (yaliyobadilishwa vinasaba) ya jirani yanaweza kuchavusha mahindi yako. Yanaweza, uzio hauzuii. Mahindi huchavushwa na upepo: chavua (unga wa ua la kiume) hutoka kwenye mbelewele, kileleni mwa mmea, na kutua kwenye ndevu za mmea wowote ulio karibu. Nyingi huanguka ndani ya mita chache, kidogo husafiri mbali zaidi. Ndiyo maana Ujerumani iliweka umbali wa mita 150 kati ya mahindi ya GMO na ya kawaida, na mita 300 kama jirani analima kilimo hai. Njia nyingine ni kupishana tarehe za kupanda kwa wiki kadhaa ili mashamba yasichanue pamoja.

Ila usiweke mazao yote kapu moja kama wanavyofanya wengi. Maharage kwa kawaida hujichavusha yenyewe, kwa hiyo hatari ni ndogo sana.

Kwetu hapa Tanzania, majaribio ya mahindi ya GMO yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, kisha serikali ikayasitisha. Kinachonipa wasiwasi ni hizo mita. Ukitoka Dar kwenda Mkuranga au Kibaha, mashamba mengi ni ya ekari moja au mbili, yamebanana, na mkulima anatunza mbegu zake mwenyewe za msimu ujao. Mita 150 zinameza shamba zima la mtu. Kanuni ya Ulaya haiwezi kuletwa kwetu hivi hivi, majirani lazima wakubaliane kabla ya kupanda, tena kwa maandishi.