Toleo la 200 la Avengers: ushauri kwa wanaoanza kuhakiki katuni za mashujaa

Nilipoanza kuhakiki katuni, kila toleo lililonikera nililihukumu kwa msuko wake: adui ni dhaifu, mantiki imepotea, mwisho umekuja ghafla. Ilinichukua miaka kutambua kwamba katuni ya kikosi huharibika zaidi mahali pengine, yaani katika namna wenzake wanavyompokea mmoja wao anapofikwa na jambo zito.

Someni toleo la 200 la Avengers, mfululizo wa katuni kuhusu kikosi cha mashujaa chenye jina hilo, toleo ambalo kampuni ya Marvel ililitoa mwaka 1980 likiwa nene kuliko kawaida kwa sababu ya sherehe ya idadi hiyo. Carol Danvers, mmoja wa kikosi hicho, ambaye wakati huo aliitwa Ms. Marvel, ana mimba asiyojua ilikotoka, na baada ya siku chache tu anajifungua mtoto, Marcus, anayekuwa mtu mzima kwa kasi ya ajabu. Marcus mwenyewe anaeleza kwamba alimchukua Carol hadi Limbo, ulimwengu ulio nje ya wakati, akauvuta moyo wake kwa msaada wa mashine za Immortus, baba yake, kisha akajipandikiza tumboni mwake ili azaliwe duniani. Hayo ni maelezo ya mwanamke aliyenyang'anywa hiari yake, lakini hadithi inayasimulia kama mapenzi.

Sasa rudieni kulisoma mkiwatazama wenzake Carol peke yao. Carol analia kwamba ametumiwa, nao wanafurahia mtoto. Anapoamua kuondoka na Marcus, wanamuaga na kumtakia heri. Hapo ndipo penye kosa, na uhakiki wenu utaje ukurasa na maneno yaliyosemwa, kwa sababu kuandika tu kwamba toleo linachukiza hakumsaidii msomaji kuona kilichoharibika. Michoro ya George Pérez ni mizuri, na msione haya kuisifu, ila msiache uzuri huo uwafanye mlegeze hukumu juu ya kinachochorwa.

Jihadharini pia na lawama za haraka. Msuko wa toleo hili una majina manne, Jim Shooter, Pérez, Bob Layton na David Michelinie, na ninyi hamkuwapo walipokuwa wakiupanga, kwa hiyo hukumuni kilichochapishwa.

Mkimaliza, chukueni toleo la mwaka (Annual, toleo la ziada la kila mwaka) la 10 la mfululizo huohuo, la 1981, lililoandikwa na Chris Claremont, aliyewahi kuandika sehemu kubwa ya mfululizo wa Ms. Marvel mwenyewe. Wengi hulikumbuka kwa kuwa Rogue, mhusika aliyekuja kuwa maarufu katika katuni za X-Men, anatokea humo kwa mara ya kwanza, lakini mimi nawaomba mkae na kurasa zake za mwisho. Claremont hakulifuta lililotokea. Alimrudisha Carol, akamsimamisha mbele ya Avengers, akamwacha awaambie waziwazi kwamba alipowahitaji hawakumsikiliza, nao safari hii wananyamaza na kumsikiliza.